Ziba Kila Tundu

Jumamosi, 8 Februari

Nimenunua daftari hili kwa sababu fundi Mwinjuma ana tabia ya kukana leo aliyoyasema jana. Kuanzia sasa kila atakachosema juu ya gari nitakiandika pamoja na tarehe yake, na siku atakaponiambia "mimi sikusema hivyo, Mama Lulu," nitamfungulia ukurasa asome mwenyewe.

Gari ni Landrova ya marehemu mume wangu, Msabaha, pikapu ya mwaka sabini na nane. Tangu afariki, miaka mitano sasa, limekaa nyuma ya nyumba hapa Dunda, Bagamoyo, na kuku wangu wanatagia kwenye kiti cha dereva. Leo nimewafukuza kuku. Nataka kabla masika hayajashika gari hili liweze kupita kwenye tope na maji ya njia ya Saadani, lifike, na lirudi. Kupendeza sina haja nako. Lipite tu.

Binti yangu Lulu yuko Saadani kwa mumewe, Abuu, anayefanya kazi getini hifadhini. Ana mimba ya miezi sita na nusu. Mwaka jana, tarehe nane Aprili, alikuwa anakuja kwangu kujifungua mtoto wake wa kwanza, yumo katika gari la kukodi. Yule dereva mshenzi akawakwamisha bondeni Kwa Kibwana tangu saa nane mchana mpaka usiku. Mtoto alizaliwa humo humo garini. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Siandiki zaidi leo. Hata kalamu naiona inanikera.

Jumanne, 11 Februari

Mwinjuma amefika saa nne, tulikubaliana saa mbili. Amelizunguka gari mara tatu, kalipiga teke kila gurudumu kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha akasema, "Mama Lulu, hili bado lina roho." Injini ya petroli haina maana tena. Atatafuta ya dizeli, ya kuchomolewa kwenye gari lililogongwa. Nikamwambia atafute upesi. Akasema upesi ni ghali. Nikamwambia basi atafute polepole lakini aanze leo.

Jioni nimempigia Lulu kumweleza. Nikamwambia tena aje mapema, mwezi huu huu, njia ingali kavu, akae kwangu mpaka ajifungue. Amekataa. Anasema njia ile haipiti tena na tumbo, iwe kavu iwe na maji. Na mama mkwe wake, Bimdogo, yuko nyuma anamuunga mkono, nimemsikia kabisa: "Mwambie hapa kuna zahanati." Zahanati! Ina nesi mmoja.

"Kwa nini usije wewe, Mama?" Lulu akaniuliza. "Bodaboda zinapita."

"Nitakuja na gari," nikamwambia. Ikishindikana kuzalia huko, gari lipo mlangoni, tunamkimbiza hospitali. Mtu mzima haendi kukaa mikono mitupu akitazama.

Alhamisi, 20 Februari

Injini imepatikana, imeingia, imewaka. Moshi kama wa tanuri la chokaa, lakini imewaka.

Mwinjuma anapenda kuhutubia. Leo kanisomesha saa nzima, nami nimeandika yote ili asije akayakana. Moja, sprungi za nyuma ataziongezea jani moja moja la lori, gari liinuke. Mbili, pumzi ya injini itapandishwa kwa bomba la chuma mpaka juu ya paa, ili maji yakifika kwenye boneti injini isiyanywe. Tatu, tairi ziwe nyembamba na ndefu, zile za mia saba hamsini, zikate tope zikanyage chini pagumu. Nne, ekseli nazo zinapumua: juu ya kila moja kuna katundu kadogo ka kupumulia, akaniinamisha mpaka nikaona, "haka kasizibwe, Mama Lulu, ekseli ikikosa pumzi inanywa maji." Tano, mkanda wa feni ulegezwe kabla ya kuingia majini, feni isimwagie injini maji.

Nikamuuliza hayo yote atayamaliza lini. Akatazama juu. Nilitamani kumtia kofi.

Jumatatu, 3 Machi

Funga ya pili. Mwinjuma hakuja. Simu haipatikani.

Jumanne, 4 Machi

Hakuja.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu Mahmoud kaja kutoka Tegeta kafuturu hapa. Nilifurahi kumwona mpaka alipofungua buti. Kaniletea tairi nne nene kama mapipa, za rangi nyeupe ubavuni, na bomba zima la taa sita la kufunga juu ya paa.

"Taa sita!" nikamwambia. "Tunakwenda kuvua dagaa?"

"Dada, hii ndiyo ofrodi yenyewe. Gari likisimama na mguu huu, kila mtu anageuka."

"Sitaki mtu ageuke. Nataka mwanangu asife."

Akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba labda ningemtuliza mwanangu kwa kumwendea, kuliko kumjengea gari, na kwamba tangu mazishi ya yule mtoto sijakanyaga Saadani hata mara moja. Nikamwambia achukue tairi zake arudi nazo Dar. Nilimwambia na mengine ambayo hayafai mtu aliyefunga kuyasema, hata akiwa ameshafuturu. Alibeba tairi moja moja, tena kwa adabu, jambo lililonipandisha hasira zaidi.

Nenda kajioneshe Mikocheni, kijana. Mimi nina kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Mwinjuma karudi. Alikuwa Mbegani, anatengeneza boti ya watu, na simu ilimwangukia majini. Sprungi zimeingia, gari limesimama juu kama mbuzi aliyeshtuka.

Bodi ya nyuma ilikwisha kuoza, na ya bati ni ghali, basi nimempa kazi Mzee Ausi, fundi wa majahazi. Hakuna mtu pwani hii anayeijua mbao kama yeye, na hilo haachi kukukumbusha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akashika chesisi, akasema chuma hiki kimeundwa na watu wavivu. Katengeneza bodi ya mvule kwa siku nne, misumari ya jahazi, na kaweka mahali pa kulaza godoro. Nimepitisha mkono juu yake sikupata hata kibanzi. Mahali pa Lulu patakuwa hapo.

Mvua ya kwanza imenyesha adhuhuri. Ndogo tu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimetoka mimi mwenyewe kulijaribu. Msabaha alinifundisha kuendesha gari hili hili nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa hiyo watu waache kunyoosha vidole. Nimeliteremsha kwenye dimbwi la njia ya Mbegani, maji ya magotini tu. Magotini! Yakaanza kuchuruzika ndani kupitia kila pahali: kwenye pedeli, chini ya kiti, kwenye shina la gia. Ndala zangu zikaelea. Vijana wa boda wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nimerudi nimefura. Mwinjuma hayupo, kaenda Vigwaza msibani. Mzee Ausi alikuwa anamalizia kupaka bodi mafuta. Nikamwambia, "Mzee Ausi, wewe unafanya vyombo vinavyokaa majini mwaka mzima. Hiki changu kinavuja magotini."

"Kwa sababu hukunipa mimi," akasema.

Basi nimempa. Akaleta pamba, akaleta deheni, ule mchanganyiko wao wa chokaa na mafuta wanaopaka majahazi chini. Akalala chali chini ya gari na nyundo yake ya kukalafati, ya kugongomea pamba kwenye nyufa. Baadaye akatoa kichwa.

"Binti, chini huku kuna matundu mengi. Mengine sijui kazi yake."

"Ziba."

"Yote?"

"Ziba kila tundu, Mzee Ausi. Nimechoka kuchekwa."

Kaziba. Gari zima lina harufu ya papa aliyekufa juzi, lakini nimelirudisha dimbwini jioni hii hii, nimekaa katikati ya maji dakika kumi, na sakafu ni kavu kabisa. Nimempigia honi kila boda aliyepita.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimempigia Lulu kumpa mkono wa sikukuu. Sauti yake ndogo. Nikamweleza habari za deheni, hakucheka. "Unakuja lini, Mama?" Nikamwambia bado tairi. Zilizopo zina upara.

Halafu Bimdogo akaichukua simu. Tukaamkiana vizuri, afya, watoto, sikukuu. Kisha akasema, "Mkwe, njoo tu. Tairi za nini?"

Tairi za nini! Mwanamke aliyekuwa na mwanangu mkononi mwaka jana akamtia kwenye gari la mlevi wa usingizi! Nikamjibu kwamba wengine hatukai kungoja yatokee, tunajitayarisha. Akasema, "Haya, mkwe," kwa ile sauti yake ya kufunika sufuria. Nimekata simu bila kuaga vizuri, siku ya Idd, Mungu anisamehe. Lakini kanianza yeye.

Jumanne, 8 Aprili

Mwaka mmoja leo. Nimekwenda kaburini kwa Msabaha asubuhi, la mtoto liko Saadani. Nimeng'oa majani, nimesoma, nimerudi.

Mwinjuma alikuwa anafunga bomba la pumzi. Nikaanza kumsimulia habari za yule dereva: jinsi alivyolala usingizi safarini, jinsi alivyoingia majini bila kupima kina, jinsi nilivyomtafuta Bagamoyo nzima nimpasulie. Nimewahi kumsimulia mara nyingi, najua. Mwinjuma akasikiliza, spana mkononi. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani Mama Lulu, na mvua ile, nani aliwaambia waondoke?"

Nikamwambia ashughulike na bomba.

Kaondoka saa kumi. Sijamjibu, na humu pia sijibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Lori la saruji limesimama mlangoni, dereva kanishushia tairi nne. Mia saba hamsini, nyembamba, ndefu, meno makali. Kuna karatasi: "Dada, nimebadilishana na zile zangu. Jamaa aliyezichukua anageukiwa na kila mtu. Mahmoud."

Nimeisoma mara mbili. Nilimtukana mtoto yule mbele ya futari, naye kazunguka gereji za Dar kunitafutia nilichokitaka. Hakupiga hata simu nimshukuru. Nimempigia mimi, nikaanza kumfokea kwa nini hakuniambia, kisha nikalia kidogo, akasema, "Haya, Dada, yameisha."

Mvua imenyesha tangu adhuhuri bila kupumzika.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Bodaboda hazivuki Kwa Kibwana tena. Mwinjuma kaniletea vipande viwili vya mnyororo wa nanga, vya kuzungushia tairi za nyuma zishike tope. Kaviokota Mbegani. Mafundi wa mjini huviagiza dukani, yeye kaviokota, na vimekaa sawasawa. Nilimpa chai na mkate wa kumimina. Amekuwa akija saa mbili kamili wiki nzima, nami sikumwandika hilo humu. Basi nimeandika.

Jumamosi, 19 Aprili

Tayari. Nilitaka nitoke kesho, Mwinjuma kasema tungoje jua la siku moja. Lulu ana wiki nzima bado. Tumengoja.

Jumanne, 22 Aprili. Saadani

Naandika nimekaa barazani kwa Bimdogo. Nguo si zangu.

Jana alfajiri Abuu alipiga simu. Uchungu ulimshika Lulu tangu juzi magharibi, nesi anasema mambo yanakwenda taratibu mno na ingefaa apelekwe hospitali. "Mama, gari liko tayari?"

"Tangu juzi," nikamwambia, na Wallahi nilikuwa kama mtu aliyengoja kuulizwa hivyo mwaka mzima.

Mwinjuma sikumwomba. Nilimpigia kumuuliza jambo moja la mkanda wa feni, dakika kumi baadaye yuko mlangoni na sanduku lake la spana, shati limemganda mwilini kwa mvua. "Utaulegeza wewe?" akasema. "Sogea."

Nilikanyaga mafuta tangu tulipopita Makurunge. Mwinjuma akawa ananiambia, "Taratibu, Mama Lulu, ekseli zinapata moto," nami nikawa namwambia mwanangu naye anapata moto. Barabara waliyoichimbua wajenzi ilikuwa uji. Tairi za Mahmoud zilizama mpaka zikapata pagumu, zikashika, tukaenda. Tulipita malori mawili yamelala ubavu na basi dogo limeachwa milango wazi. Sisi tunakwenda. Sijui niseme nini, nilikuwa na furaha ya hasira, nilikuwa naliimbia gari matusi.

Tukafika Kwa Kibwana. Bonde lote ni maji, ya rangi ya chai ya rangi. Mwinjuma akashuka na fimbo, akapima, maji yakamfika kifuani katikati. Akalegeza mkanda, akafunga minyororo. "Ukiingia usisimame," akaniambia. "Usibadili gia. Usiguse klachi hata ukimwona shetani."

Nikaingia. Maji yakapanda bampa, yakapanda taa, yakafika kwenye boneti, yakatengeneza wimbi mbele yetu. Bomba la pumzi linanguruma juu ya kichwa changu. Kuna mti mmoja mkavu pale katikati. Abuu aliwahi kuniambia gari lile lilikwama kwenye mti huo. Nilipoufikia nilipiga kelele, siyo maneno, kelele tu, na mguu sikuutoa. Tukapanda ng'ambo maji yanamwagika kila upande. Nikatazama sakafu. Kavu. Hata tone moja halikuingia. Nikampiga Mwinjuma bega mpaka akalalamika.

Tulikuwa tumekwenda kama kilomita nane ndipo nikasikia. Mlio nyuma, chini, kama kinu kinachosaga mchanga. Mwinjuma akainua mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nasema. Mlio ukazidi. Tulifika Saadani saa sita kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, na mbele ya zahanati gari likapiga kishindo kimoja likakataa.

Mwinjuma akaingia chini na spana. Akafungua difu ya nyuma, lile tumbo la ekseli lenye gia. Mafuta yaliyotoka hayakuwa meusi. Yalikuwa meupe, mazito, kama chai ya maziwa, na ndani yake vipande vya beringi vinang'aa. Akafungua ya mbele, vile vile. Kisha akapapasa juu ya ekseli kwa kidole, akakwangua, akatoa donge la chokaa na mafuta. Akalinusa.

"Nani kaziba hapa?"

Nikaikumbuka nyundo ya Mzee Ausi.

"Mama Lulu, ekseli ilikuwa ya moto, ukaitumbukiza kwenye maji baridi. Ndani hewa inajikunja, inavuta. Ikikuta katundu wazi inavuta hewa. Ikikuta kamezibwa inavuta maji kupitia zile raba za sili. Mimi nilisema..." Akakifuta kidole. "Au sikusema?"

Nilikuwa na daftari hili kwenye mkoba. Sikuhitaji kulifungua, lakini nililifungua. Ishirini Februari, mwandiko wangu mwenyewe: haka kasizibwe. Daftari nililolinunua kumkamata nalo. Nikampa asome. Alisoma taratibu, akalifunga, akanirudishia. Laiti angenitukana! Mzee Ausi aliniuliza, "Yote?" Kila mtu aliniuliza.

Nesi akatoka nje. "Mgonjwa wa kupelekwa yuko tayari. Gari liko wapi?"

"Ni hili," nikasema. "Limekufa."

Bimdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Nilimkazia macho, nikimngoja aseme. Ninge­weza kumrukia kama angesema lolote. Alifunga kanga yake kiunoni vizuri, akamwambia nesi, "Basi turudi tukafanye kazi," wakaingia. Nikawafuata. Mlangoni nikasikia sauti ya mwanangu, imechoka, lakini nikaisikia vizuri: "Mama yangu asiingie."

Nimekaa kwenye benchi la nje saa nne. Mvua ilinyesha, ikakoma, ikanyesha. Abuu alitembea kutoka ukutani mpaka ukutani. Mwinjuma alikaa kwenye bodi ya mvule, juu ya godoro nililomtandikia Lulu, miguu inaning'inia. Nilimchukia Mzee Ausi, nikamchukia Mwinjuma kwa kwenda msibani, nikamchukia aliyefiwa. Orodha ikaisha, nikabaki na mtu mmoja.

Saa kumi na robo mtoto akalia. Wa kike. Alilia kwa ghadhabu, kama mtu aliyecheleweshwa makusudi, nami nikakaa chini kwenye matope.

Jumatano, 23 Aprili

Wote wazima. Lulu hajanipa mtoto. Anampa Bimdogo, anampa Abuu. Mimi ananiambia, "Mama, uji unapoa."

Alhamisi, 24 Aprili

Mwinjuma kaondoka na trekta la wajenzi. Kasema atarudi na beringi njia ikikauka. Nilimwambia asijisumbue. Akasema, "Nitarudi saa mbili kamili," akacheka, nami nikashindwa kucheka.

Bimdogo alikuja jikoni ninapochambua mchele. Anamkanda mwanangu kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kwa mikono yenye baridi yabisi, halafu anakuja kunipikia na mimi. Nimemtazama kwa siku tatu nikitafuta la kumtolea kasoro. Nikamwambia, "Bimdogo, mwaka jana..."

"Usiniambie mimi, mkwe," akasema. "Mimi najua. Nilikuwapo."

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya saba. Mtoto ameitwa Zaina. Mbuzi amechinjwa, watu wamekula, wamesoma, wamekwenda zao. Wakati Bimdogo anaosha masufuria nimeingia chumbani kwa Lulu nikafunga mlango. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala pembeni yake.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mwaka jana Bimdogo alinipigia simu kusema mvua ni kubwa, wangoje siku mbili, na mimi ndiye niliyekataa. Kwamba nilisema mimba ya kwanza ni haki ya mama, mwanangu ajifungulie kwangu, na watu wa Dunda wangesemaje. Kwamba dereva hakuwa na kosa kubwa, na hakulala usingizi, hilo nililitunga nikaliamini. Nilidhani atalia. Nilidhani nitamkumbatia.

Hakulia. Uso ulimbadilika, nikauona humo uso wangu mwenyewe ninapofoka.

"Mwaka mzima, Mama!" akasema. "Mwaka mzima unamtukana mtu wa watu! Dereva alikupigia simu tuko Kwa Kibwana, kabla hatujaingia majini. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, namsikia. Akakwambia maji mengi, turudi? Ukamjibu nini?"

Nilijua nilichomjibu. Sikuwahi kukiandika, sikuwahi kumwambia mtu.

"Ukasema, 'Nimeshapika.' Ukasema, 'Njooni tu, nimeshapika.'"

Ni kweli. Nilikuwa nimepika pilau na kuku wa nazi kwa futari, na wageni nimeshawaalika.

"Mimi ninazaa maiti kwenye gari, wewe umeshapika! Halafu huji. Unaniundia gari! Nilikuomba gari? Kila siku nakuuliza utakuja lini, unaniambia sprungi! Nilitaka uje ukae hapa, hapa, unitazame usoni, useme ulichosema sasa. Ungekuja kwa miguu!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Alinitukana kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Nje masufuria yalinyamaza, Bimdogo hakuingia. Mimi nimefoka masika yote, nimemfokea kila aliyenisogelea, na sasa nilisimama katikati ya chumba mikono imening'inia. Sikujitetea. Hasira ilikuwa ni yake, alikuwa nayo tangu mwaka jana, nami nilikuwa nimemzibia pa kuitolea. Nilimwacha aseme. Akasema tena tangu mwanzo.

Mtoto akaamka, akaanza kulia naye. Lulu akamchukua, akambembeleza, akajaribu kumnyonyesha, mtoto akakataa titi. Akahangaika naye muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga na, bila kunitazama, akaninyooshea mtoto.

"Mshike," akasema. "Mimi bado nimekasirika."

Nimemshika.